Kukadiria chaneli wakati osileta inayumba: njia zikiwekwa pamoja, na ipi uchukue wewe

Ukiangalia nukta za 16QAM (data ikibebwa kwa nukta 16, kila moja na ukubwa na pembe yake) kwenye skrini ukakuta badala ya kutulia zinazunguka taratibu kama feni iliyozimwa sasa hivi, hiyo siyo chaneli (njia ambayo signali inapita toka kwa mtumaji hadi kwako), hiyo ni osileta (saketi inayotengeneza masafa ya redio). Wengi wetu (na mimi nilikuwemo) tukiona hivyo tunakimbilia kubadilisha njia ya kukadiria chaneli, tunatoka LS (kugawanya tu kilichofika kwa kilichotumwa) tunaenda MMSE (inayozingatia pia kelele), tukimaliza MMSE tunaanza kuuliza habari za mitandao ya neva, na nukta bado zinazunguka tu, maana tulikuwa tunagonga mlango ambao siyo.

Sasa hapa nataka nizilinganishe njia ambazo mtu anakutana nazo kweli akiingia kwenye hii kazi. Kuna kuacha kama ilivyo, kuna kusahihisha fezi (pembe ya wimbi) ya pamoja kwa piloti (simboli ambazo risiva inazijua tangu mwanzo), kuna PLL na Kalman (loop na filta za kufuatilia fezi hatua kwa hatua), kuna kusafisha mwingiliano wa sabkeria (masafa madogo madogo yanayobeba data bega kwa bega), kuna kuzungushana na dikoda (inayosahihisha makosa ya biti), na kuna kukwepa shughuli yote. Maoni yangu nayatanguliza ili usinione mnafiki mbele ya safari: asilimia kubwa ya watu wanahitaji ile ya pili basi, na wanaohitaji zaidi ya hapo wanatakiwa wawe na namba mbili mkononi kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa kodi.

Kwanza ugumu wenyewe

Risiva haioni chaneli peke yake hata siku moja. Inachokiona ni chaneli ikiwa imezidishwa na mzunguko wa fezi, halafu juu yake kelele. Ukiizungusha chaneli digrii 30 kulia na osileta ukaizungusha digrii 30 kushoto, kinachoingia kwenye risiva ni kilekile, hakuna algoritimu itakayokwambia nani alizunguka. Kwa hiyo mtu akikuambia njia yake inatoa chaneli "halisi" na fezi "halisi" kila moja kivyake, muulize sifuri ameiweka wapi. Kawaida jibu ni kwamba fezi ya wakati wa mafunzo mwanzoni mwa paketi ndiyo imeitwa sifuri, na kinachofuatiliwa baada ya hapo ni tofauti tu. Ni sawa kabisa, ila ujue.

Kinachotuokoa ni kwamba hivi vitu viwili havina mwendo mmoja. Chukua masafa ya 28 GHz, mtu anatembea mita 1.5 kwa sekunde, Doppler yake (masafa kusogea kwa sababu ya mwendo) ni kama 140 Hz. Simboli ya OFDM (mfumo unaogawanya data kwenye sabkeria nyingi kwa pamoja) yenye nafasi ya 120 kHz kati ya sabkeria inachukua kama mikrosekunde 8.9, kwa hiyo ndani ya simboli moja ule mwendo unaigeuza chaneli chini ya nusu digrii. Osileta yenye kosa la ppm 1 tu (sehemu moja kwa milioni) kwenye hayo hayo masafa ni 28 kHz, na ndani ya simboli hiyo hiyo inakuzungusha digrii 90. Nusu kwa tisini. Ndiyo maana kila njia ya maana kwenye huu ulinganisho, hata zile zinazojifanya ngumu, mwisho wa siku inafanya kitu kimoja: chaneli inakadiriwa mara chache kwa makini, fezi inakadiriwa mara nyingi kwa haraka.

Na hapo kuna makosa mawili tofauti ambayo watu wanayachanganya. Kuna masafa kupishana, yaani kristali ya huku na ya kule haziko sawa, huo ni mzunguko wa spidi moja unaotabirika. Wi-Fi kwenye 5 GHz inaruhusu ±20 ppm kila upande, wakikutana wawili waliokengeuka kinyume ni 40 ppm, yaani 200 kHz, wakati nafasi kati ya sabkeria (kwa 802.11a hadi 802.11ac) ni 312.5 kHz, kwa hiyo bila kulirekebisha huendi popote. Dawa yake inajulikana miaka mingi, unarudia kipande kimoja mara mbili mwanzoni halafu unapima fezi imesogea kiasi gani kati ya cha kwanza na cha pili, Schmidl na Cox waliliweka vizuri mwaka 1997 na mpaka leo watu wanatumia wazo hilo hilo. Sitalizungumzia zaidi. Fanya hilo kwanza, ndiyo uje huku.

Kosa la pili ndilo lenye kesi: kelele ya fezi yenyewe. Osileta iliyoachwa huru fezi yake inatembea kama mlevi, hatua moja kulia, mbili kushoto, na kadiri muda unavyokwenda ndivyo inavyozidi kuwa mbali na ilipoanzia. Ukiifunga kwenye PLL nzuri inakuwa kama mlevi mwenye kamba kiunoni, inapepesuka ila haipotei. Na ukiipandisha masafa kwa kuzidisha, kelele inapanda nayo, kila ukizidisha mara mbili unaongeza desibeli 6, ukitoka 3 GHz kwenda 30 GHz ni desibeli 20, maana yake vairansi (wastani wa mraba wa kosa) ya fezi imekuwa mara 100. Ndiyo sababu watu waliokaa masafa ya chini miaka yote bila kuijua hii habari wakipanda kwenye mawimbi ya milimita wanashangaa mambo yameharibika.

Namba mbili

Ya kwanza niiite q, ni vairansi ya hatua ambayo fezi inapiga kutoka simboli moja hadi inayofuata. Ya pili r, ni vairansi ya kosa la kipimo kimoja cha fezi kinachotokana na kelele ya kawaida ya joto, na kwa piloti moja ni karibu 1 gawanya kwa mara mbili ya SNR (uwiano wa nguvu ya signali kwa kelele). SNR ikiwa 20 dB, r ni 0.005 radiani mraba, yaani kosa la kama digrii 4. Tuseme osileta yetu inapiga hatua ya radiani 0.02 kwa simboli, hiyo q ni 0.0004. Nabaki na hizi namba mpaka mwisho, zifuate.

Kuzipata siyo kazi. Tuma toni moja kwa waya (usitumie hewa, utaingiza chaneli ndani ya kipimo), rekodi, fungua fezi (isiruke kurudi mwanzo kila ikimaliza digrii 360), ondoa mteremko wa masafa, halafu chora vairansi ya tofauti ya fezi kadiri unavyoongeza umbali kati ya sampuli. Inatoka mstari. Mteremko wa ule mstari ndiyo q, na pale unapokata mhimili ni mara mbili ya r. Mstari ukipanda halafu ukalala, una PLL inayokushikia fezi na mambo yako mepesi kuliko ulivyodhani. Nilishawahi kupoteza siku mbili nzima nikilaumu kodi yangu wakati waya wa rejea ya 10 MHz ulikuwa haujaingia vizuri nyuma ya kifaa, na hicho kipimo cha dakika kumi kingenionyesha hapo hapo.

Kuacha kama ilivyo

Unakadiria chaneli mwanzoni mwa paketi, unaitumia mpaka mwisho. Siyo ujinga kama inavyosikika. Paketi ikiwa fupi na modulisheni ni QPSK (nukta nne tu) unao uvumilivu wa digrii 45 kila upande kabla simboli haijahamia kwa jirani, hiyo ni nafasi kubwa mno. Kwa q yetu, simboli 50 zikipita fezi imetangatanga kipeuo cha pili cha 50 mara 0.02, kama radiani 0.14, digrii 8. QPSK hata haishtuki. Lakini nukta ya kona ya 16QAM inavumilia digrii 16.9 tu, 64QAM ni 7.7, 256QAM ni 3.7, na 1024QAM ni 1.8, na hapo hatujaweka kelele nyingine yoyote. Kwa hiyo kama ni kisensa kinachotuma baiti chache kwa QPSK usijisumbue, kama ni 64QAM kwenda juu sahau.

Kuna watu wanaoacha kama ilivyo bila kujua kuwa wanaacha kama ilivyo. Hao wanachukua wastani wa piloti nyingi kwenye muda mrefu ili "kupunguza kelele". Shule tumefundishwa wastani ni rafiki, na kwenye kelele ya joto kweli ni rafiki, ila ukiwa na mlevi kwenye hesabu wastani unakuchanganyia alipokuwa jana na alipo leo. Tuchukue zile namba. Piloti moja kosa ni digrii 4. Wastani wa piloti 6 za mwisho kosa linashuka hadi digrii 2.2, na hapo ndiyo chini kabisa kwa njia hiyo. Wastani wa 60? Kosa linapanda hadi digrii 5 na kitu, yaani umefanya kazi mara 60 ili uwe mbaya kuliko aliyetumia piloti moja. Urefu unaofaa ni kipeuo cha pili cha 3r/q, na angalia jambo hili: SNR ikishuka hadi 10 dB, r inakuwa kubwa mara kumi na dirisha zuri linakuwa kama 19. Kwa hiyo dirisha moja lililogandishwa kwenye kodi kwa hali zote lazima litakuwa baya mahali fulani.

Fezi ya pamoja kwa piloti

Hii ndiyo ninayoipenda. Kwenye OFDM osileta inazungusha sabkeria zote kwa kiasi kimoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukitawanya piloti chache kwenye masafa, kila simboli unalinganisha zilivyofika na zilivyotakiwa kuwa kwa chaneli uliyokwisha kadiria, unapata pembe moja, unairudisha nyuma pembe hiyo kwa sabkeria zote, umemaliza. Wi-Fi inaishi hivyo tangu 802.11a: chaneli inakadiriwa mwanzoni mara moja, halafu kwenye kila simboli (kwa hiyo 802.11a) kuna sabkeria 52 zenye kazi na 4 kati yake ni piloti. 5G nayo kuanzia Release 15 (toleo la kwanza la kiwango chake) ina piloti za PTRS kwa ajili hii hii, na ukitazama ilivyopangwa utaona mtu aliyeipanga alielewa tatizo: kwenye muda imebanana, kila simboli au kila ya pili au ya nne, kwenye masafa imetawanyika, sabkeria moja kila bloku mbili au nne za sabkeria 12. Piloti za chaneli zenyewe, zile DMRS, mpangilio wake ni kinyume, nyingi kwenye masafa na chache kwenye muda, kwa sababu chaneli ndiyo inayobadilika kutoka sabkeria hii hadi ile na osileta haibadiliki.

Uzuri wake ambao watu hawausemi vya kutosha ni kwamba wastani wa kwenye masafa ni bure. Piloti 16 za simboli moja zote zimepimwa mlevi akiwa amesimama mahali pamoja, hakuna jana na leo. r yako inagawanywa kwa 16, kosa linatoka digrii 4 linakuwa digrii 1, na hujagusa simboli nyingine yoyote. Hakuna filta ya muda kwenye huu ulinganisho itakayokupa punguzo kama hilo kwa q hiyo.

Ubaya wake ni gharama ya nafasi, piloti haibebi data, na kwenye bendi nyembamba yenye sabkeria chache huna pa kuziweka nyingi. Halafu inadhani fezi imetulia ndani ya simboli nzima. Isipotulia ndiyo tunakwenda kwenye kesi nyingine huko chini.

PLL na Kalman

Watu wanaziweka hizi mbili kama wapinzani wakati ni ndugu wa tumbo moja. Filta ya Kalman kwa fezi inayotembea kama mlevi, ikishatulia, ni PLL ya daraja la kwanza yenye kipimo fulani cha kusahihisha. Kwa namba zetu kipimo hicho ni karibu 0.25, yaani kila piloti mpya inapokuja unasogea robo ya tofauti unayoiona. Ukiongeza masafa kwenye hali zinazofuatiliwa inakuwa PLL ya daraja la pili. Tofauti ya kweli ni kwamba Kalman mwanzoni inasogea hatua kubwa halafu inapunguza yenyewe, PLL wewe ndiye unayeipangia, na Kalman inajua la kufanya piloti zikiwa hazina mpangilio sawa au SNR ikipanda na kushuka. Kwenye chipu ndogo PLL ni jedwali moja na kujumlisha, inapita.

Sasa je, unapata nini? Piloti moja kwa simboli, digrii 4. Wastani wa dirisha bora, 2.2. Kalman, 2.0. Hiyo ndiyo faida yote kati ya wastani wa kawaida uliopangwa vizuri na Kalman, sehemu mbili za kumi za digrii, na nimeona watu wakiandika kurasa nyingi kuisherehekea. Lakini ukikubali kusubiri, ukahifadhi paketi nzima halafu ukapita mbele na kurudi nyuma, ile filta inayolainisha pande zote mbili, unafika 1.5. Kusubiri kumekupa zaidi ya alichokupa Kalman. Mimi kila mtu akiniuliza kuhusu Kalman swali langu la kwanza ni hilo, je, unaweza kusubiri? Maana kama paketi inakaa kwenye memori hata hivyo ikimngoja dikoda, huna sababu ya kutumia piloti za nyuma tu.

Na ukishakuwa na zile piloti 16 kwenye masafa? Bila filta digrii 1.0, na Kalman 0.8. Hapo ni pambo. Kwa hiyo Kalman inalipa pale ambapo kipimo kimoja ni dhaifu kuliko hatua ya osileta, yaani r ni kubwa sana kuliko q: mfumo wa kerya moja (usiogawanya data kwenye sabkeria), bendi nyembamba, satelaiti, SNR ya chini. Kwenye OFDM pana yenye piloti za kutosha haina kazi kubwa.

Kuhusu ile ya kufuatilia chaneli na fezi kwa pamoja ndani ya filta moja, EKF (Kalman iliyopanuliwa kwa milinganyo isiyonyooka), inafanya kazi, na kama chaneli nayo inakimbia (gari liendalo kasi, mfano) huenda huna namna nyingine. Ila kumbuka lile la kulia na kushoto: ukiiachia chaneli uhuru wa kuzunguka na fezi uhuru wa kuzunguka, filta itagawanya mzunguko baina yao kwa kadiri ya q ulizoandika kwa mkono, na ukikosea hizo unapata chaneli inayozungukazunguka na fezi iliyotulia, data inatoka sawa halafu unashangaa kwa nini makadirio ya chaneli hayafanani na ya jana. Tena EKF inanyoosha kitu kilichopinda, kosa la mwanzo likiwa kubwa inaweza kushika mahali pasipo. Anza nayo baada ya mafunzo, usianze nayo gizani.

Njia ya maamuzi, yaani kutumia data uliyokwisha amua kama piloti, ni tamu kwa sababu haili nafasi. Hatari yake ni kuteleza. QPSK ikizungushwa digrii 90 inafanana na yenyewe, loop ikishateleza hapo inakaa kwa raha kabisa na kila biti baada ya hapo ni takataka, na hakuna kiashiria chochote kitakachowaka. Weka piloti chache hata kama unatumia maamuzi, za kumshika mwizi. DVB-S2 (kiwango cha TV ya satelaiti) ina mpango mzuri wa hivi, piloti 36 kila baada ya simboli 1440 za data, asilimia 2.4 tu ya nafasi, na zinaweza kuzimwa kama osileta ni nzuri.

Simboli ikiwa ndefu kuliko subira ya osileta

Hapa ndipo fezi ya pamoja inapofika mwisho wa nguvu zake. Fezi ikitembea ndani ya simboli yenyewe, wastani wake unausahihisha lakini ule mtikisiko unaobaki unamwaga nguvu ya sabkeria moja kwa majirani. Kiasi gani? Kwa osileta huru jibu ni rahisi mno, karibu q gawanya kwa 6. Kwa q yetu ya 0.0004 ni desibeli 42 chini ya signali, 256QAM inapita bila kuona. q ikiwa 0.01, hatua ya radiani 0.1, sakafu ya huo mwagiko inapanda hadi desibeli 28 chini, na hapo 64QAM inaanza kukohoa na 256QAM umeshaipoteza, na uongeze nguvu ya kutuma utakavyo, haitashuka, maana kelele hiyo inapanda na signali yako mwenyewe. Ukiona makosa yamegoma kupungua hata SNR ikipanda, shuku hii kwanza.

Njia mbili zipo. Moja ni kukadiria huo mtikisiko, yaani siyo pembe moja kwa simboli bali vigezo vitatu au vitano vya jinsi fezi ilivyojikunja ndani yake, kwa kutumia maamuzi ya awali, halafu unafumua mwingiliano, unaamua tena, unarudia. Inafanya kazi ukiwa tayari uko karibu na jibu. Ukianza na maamuzi mabaya unafumua kitu ambacho hakikuwepo. Hesabu ni nzito, kila simboli unatatua mfumo wa milinganyo, na wapo waliojaribu wakaishia kuridhika na desibeli mbili tatu.

Nyingine ni kufupisha simboli. Ukipanua nafasi kati ya sabkeria mara mbili, simboli inakuwa nusu, q inakuwa nusu, sakafu inashuka desibeli 3, bila algoritimu yoyote. Ukirudi kwenye hesabu yetu ya kupanda kutoka 3 GHz hadi 30 GHz, q ingekuwa 0.04 na sakafu kama desibeli 22 chini, ila ukitoka 15 kHz ukaenda 120 kHz unairudisha karibu na 31. Release 17 ya 5G ilipofungua 52.6 hadi 71 GHz ilileta 480 na 960 kHz, na kelele ya fezi ni moja ya sababu. DVB-T (TV ya dijitali ya antena za ardhini) kuna kinyume chake, modi ya 8K ina simboli ya mikrosekunde 896 dhidi ya 224 za 2K, inavumilia mwangwi mrefu ila inadai osileta tulivu zaidi. Gharama ya kufupisha ni hiyo hiyo ukiisoma nyuma: ile nafasi ya ulinzi kati ya simboli inakuwa fupi, mwangwi mrefu unaingia ndani. Kama mazingira yako hayana mwangwi mrefu na una mamlaka juu ya muundo wa signali, mimi ningefupisha simboli mara kumi kabla ya kuandika kodi ya kufumua mwingiliano mara moja. Kama muundo umeshapangwa na kiwango, ndiyo unaandika kodi.

Kerya moja inastahili kutajwa hapa kwa heshima, kwa sababu simboli zake ni fupi sana na fezi unaisahihisha moja moja kwenye muda, huo mwagiko haupo kabisa. Hasara zake ni za upande mwingine, kusawazisha chaneli yenye mwangwi.

Kuzungushana na dikoda

Dikoda inakupa kiasi gani inaamini kila biti, unatumia imani hiyo kukadiria fezi upya, unamrudishia, mnazunguka mara kadhaa. Colavolpe, Barbieri na Caire mwaka 2005 walionyesha namna ya kuifanya kwa hesabu nyepesi kwa kuieleza fezi kwa namba moja tu changamano kwa kila simboli, na kwa kelele kali ya fezi pamoja na kodi za LDPC (za kusahihisha makosa) inakaribia sana kile ambacho kingewezekana ukijua kila kitu. Kwa uwezo ndiyo bora kwenye orodha yote hii, sibishi. Lakini inakula muda na umeme, na inalipa zaidi pale piloti ni chache, SNR ni ya chini kabisa, na osileta ni mbovu, vyote kwa pamoja. Satelaiti, ndiyo. Kiungo cha kawaida cha ndani ya nyumba, hapana.

Kukwepa

Andika data kwenye tofauti ya fezi kati ya simboli mbili jirani na hutakadiria chochote, si chaneli si osileta. DBPSK (tofauti za aina mbili) unalipa chini ya desibeli 1 makosa yakiwa machache, DQPSK (za aina nne) karibu 2.3, na ukipanda zaidi unaelekea 3. Kwa vifaa vya betri vinavyolala siku nzima na kuamka kusema neno moja, hii ni biashara nzuri na inadharauliwa bila sababu. Ila q inabaki na neno lake hapa pia, fezi ikiruka sana kati ya simboli mbili hata tofauti inaharibika, na kwa simboli ndefu za data ndogo hiyo siyo nadharia.

Antena zikiwa nyingi

Hapa swali la kwanza siyo algoritimu, ni waya. Antena zote zikila osileta moja, kuna fezi moja tu ya kufuatilia kwa kiungo kizima, piloti zote zinachangia kipimo kimoja, kazi nyepesi. Kila antena ikiwa na yake, 4 huku na 4 kule, zinakuwa fezi 8 na moja haionekani, kwa hiyo 7, na kila moja inataka piloti zake. Ukisikia hivyo unasema osileta moja imeshinda, na kwa antena chache ndiyo. Zikifika mamia mambo yanageuka kidogo: osileta moja ikikosea antena zote zinakosea kwa pamoja na kosa halina wa kulizimisha, wakati nyingi zilizo huru makosa yao yanakatana yenyewe kwenye kujumlisha, unapoteza nguvu kidogo ya signali lakini ule mtikisiko unatulia. Kwa hiyo moja kama unaweza kuifuatilia vizuri, nyingi kama huwezi.

Katikati kuna lile la kugawana rejea ya 10 MHz huku kila kifaa kina PLL yake, ambalo ndilo wengi wanalo mezani. Linaondoa masafa kupishana, na mitangatango ya polepole inakuwa ya wote. Ile ya haraka, iliyo nje ya upana wa loop, kila kifaa kinabaki na ya kwake, kwa hiyo usidhani umeshapata osileta moja. Na kitu kimoja ambacho hakiandikwi kwa herufi kubwa inavyostahili, kwenye vifaa vingi PLL ikifungua na kufunga upya, ukibadilisha masafa hata kwa sekunde moja na kurudi, fezi kati ya kifaa na kifaa inaanza mahali papya bila mpangilio. Ulinganifu ulioupima asubuhi umekwisha, pima tena.